Kabla na Baada: Tutajuaje Kama Mradi Umeleta Mabadiliko?

Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti hutakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kuwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka katika Bunge la Kaunti. Mipango ya aina hii huandamana na vikao vya ushirikishaji wa umma, na katika vikao hivyo wakazi husomewa taarifa za miradi iliyotangulia. Iwe ni kilimo, afya, maji au elimu ya chekechea, sentensi moja hurudi tena na tena: kabla ya mradi hali ilikuwa hivi, baada ya mradi hali imekuwa hivi. Kisha hufuata ombi la fedha za kuupanua mradi huo hadi wadi nyingine.

Fedha hizo ni za mkazi. Mradi uliofaa ukiachwa njiani ni hasara. Mradi usiofaa ukipanuliwa ni hasara kubwa zaidi, kwa kuwa kila shilingi inayokwenda huko haiendi kwenye zahanati wala barabara. Kwa hiyo inafaa anayehudhuria kikao ajue namna ya kuipima sentensi ile ya "kabla na baada". Wanatakwimu wana njia yao, ya zamani na ya kuaminika, nayo huitwa jaribio la jozi. Hesabu zake ni zile za shuleni: kujumlisha, kutoa, kugawanya, na kutafuta kipeuo cha pili. Tutaieleza kwa mahindi, kwa sababu mahindi hayahitaji kuelezwa.

Wakulima kumi, misimu miwili

Tuseme idara ya kilimo imewapa wakulima kumi chokaa ya shambani ili kupunguza asidi kwenye udongo. (Huu ni mfano wa kubuni, wala si taarifa ya wadi yoyote.) Maafisa wa ugani wamerekodi mavuno ya kila mkulima kwa ekari moja, kwa magunia ya kilo 90, msimu mmoja kabla ya chokaa na msimu mmoja baada yake:

Mkulima wa 1: kabla 8, baada 10, tofauti +2
Mkulima wa 2: kabla 15, baada 16, tofauti +1
Mkulima wa 3: kabla 22, baada 25, tofauti +3
Mkulima wa 4: kabla 6, baada 6, tofauti 0
Mkulima wa 5: kabla 12, baada 15, tofauti +3
Mkulima wa 6: kabla 18, baada 17, tofauti −1
Mkulima wa 7: kabla 10, baada 12, tofauti +2
Mkulima wa 8: kabla 25, baada 30, tofauti +5
Mkulima wa 9: kabla 9, baada 11, tofauti +2
Mkulima wa 10: kabla 15, baada 18, tofauti +3

Wastani wa kabla ni magunia 14. Wastani wa baada ni magunia 16. Taarifa itasema mavuno yamepanda kwa magunia mawili kwa ekari, yaani asilimia 14, na kihesabu itakuwa imesema kweli.

Lakini kila mkulima anajua kwamba shamba halitoi mavuno yale yale kila msimu, hata kama hakubadilisha chochote. Mara palizi imechelewa wiki moja, mara viwavijeshi wameingia, mara ng'ombe wa jirani wamevunja ua. Chukua wakulima kumi wowote, usiwape kitu, upime misimu miwili: wastani hautalingana. Utakuwa umepanda kidogo au umeshuka kidogo. Kwa hiyo tunachotaka kujua ni kama magunia haya mawili yamezidi kule kupanda na kushuka kwa kawaida.

Sasa tazama jinsi wakulima wenyewe wanavyotofautiana. Wa 4 huvuna magunia 6, wa 8 huvuna 25. Mmoja ana shamba la mwinuko lenye mawe, mwingine yuko bondeni penye udongo mweusi. Ukizichukua namba kumi za kabla kama rundo moja na namba kumi za baada kama rundo jingine, kisha ukalinganisha marundo hayo mawili, tofauti kubwa iliyopo baina ya mkulima na mkulima itaifunika tofauti ndogo ya magunia mawili. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona kando ya kinu cha kusagia unga.

Jaribio la jozi huzima kinu hicho. Halimlinganishi mkulima wa bondeni na wa mlimani. Humlinganisha kila mmoja na yeye mwenyewe. Rutuba ya shamba la mkulima wa 8 ilikuwepo kabla na ipo baada. Tunapotoa 25 kwenye 30, rutuba hiyo inajifuta na kinachobaki ni badiliko tu. Namba ishirini zinakuwa kumi: 2, 1, 3, 0, 3, −1, 2, 5, 2, 3. Na swali linakuwa jepesi kulitamka: je, namba hizi kumi zinazunguka sifuri, au zimesogea mbali nayo?

Tuanze na sarafu

Kabla ya hesabu kamili kuna njia fupi ambayo mtu anaweza kuifanya papo hapo kikaoni, bila kalamu. Hesabu waliopanda na walioshuka. Hapa wanane wamepanda, mmoja ameshuka, na mmoja amebaki pale pale. Aliyebaki pale pale tunamweka kando, hivyo tuna watu tisa.

Kama chokaa haikufanya lolote, basi kila mkulima alikuwa na nafasi sawa ya kupanda au kushuka, kama sarafu inayorushwa. Sarafu ikirushwa mara tisa, matokeo yanayowezekana ni 512 (2 mara 2 mara 2, hadi mara tisa). Kati ya hayo, ni 10 tu yanayotoa upande mmoja mara nane au zaidi: moja ambapo zote tisa ni za upande huo, na tisa ambapo zote ni za upande huo isipokuwa moja. Kwa kuwa tungeshangaa vilevile kama wanane wangeshuka, tunahesabu pande zote mbili: 20 kati ya 512. Hiyo ni karibu asilimia 4. Kwa maneno mengine, kama chokaa ingekuwa kazi bure, tungeona mpangilio wa upande mmoja kiasi hiki mara nne hivi tu katika kila mara mia.

Hivyo ndivyo wanatakwimu wanavyofikiri. Huanza na dhana kwamba hakuna kilichobadilika, na kuipa dhana hiyo nafasi ya kujitetea. Kisha huuliza: kama dhana hii ni kweli, matokeo kama haya tuliyoyaona yangetokea kwa nadra kiasi gani? Jibu huandikwa kama namba kati ya 0 na 1, nayo huitwa thamani ya p. Ya sarafu zetu ni takriban 0.04. Ikiwa ndogo sana, tunaacha kuiamini dhana ya "hakuna kilichobadilika". Ikiwa kubwa, tunasema ushahidi hautoshi. Kusema ushahidi hautoshi si sawa na kusema mradi umeshindwa, ingawa katika taarifa nyingi mambo haya mawili huchanganywa. Vilevile, p ya 0.04 haimaanishi kuna uwezekano wa asilimia 4 kwamba chokaa haifai. Inaeleza tu nadra ya matokeo iwapo chokaa haikufanya lolote.

Hesabu yenyewe

Njia ya sarafu ina kasoro moja: haijali ukubwa. Kwake yeye aliyepanda kwa gunia moja na aliyepanda kwa matano ni sawa. Jaribio kamili hutumia ukubwa pia.

Jumla ya tofauti kumi ni 20, hivyo wastani wake ni 2. Kisha tunatafuta zimetawanyika kiasi gani kuzunguka huo wastani. Toa 2 kwenye kila tofauti: 0, −1, 1, −2, 1, −3, 0, 3, 0, 1. Zidisha kila moja kwa yenyewe, ujumlishe: 26. Gawanya kwa 9, yaani idadi ya wakulima toa mmoja, upate takriban 2.89. Kipeuo chake cha pili ni 1.7. Hicho ndicho kiwango cha kutawanyika: tofauti ya mkulima wa kawaida iko mbali na wastani kwa gunia moja na zaidi kidogo ya nusu.

Wastani wa watu kumi hauyumbi sana kama mtu mmoja, kwa hiyo 1.7 tunaigawanya kwa kipeuo cha pili cha 10, ambacho ni 3.16. Tunapata 0.54. Mwishowe tunachukua wastani wetu wa magunia 2 na kuugawanya kwa 0.54. Jibu ni 3.7. Maana yake ni kwamba badiliko tuliloliona ni karibu mara nne ya kiasi ambacho wastani huo ungeweza kuyumba wenyewe.

Je, 3.7 ni kubwa? Kuna jedwali katika kila kitabu cha takwimu linalojibu. Kwa watu kumi, mpaka uliozoeleka ni 2.26: namba ikizidi hapo, matokeo kama hayo yangetokea kwa bahati chini ya mara tano kwa kila mara mia. Yetu imezidi kwa mbali, na thamani yake ya p ni takriban 0.005, yaani mara tano katika kila mara elfu.

Sasa linganisha na njia ile ya marundo mawili. Namba ni zile zile, wakulima ni wale wale, wastani ni ule ule. Lakini ukisahau kwamba ni jozi, jibu linatoka 0.67 badala ya 3.7, na p inakuwa 0.51. Mtu aliyefanya hesabu hiyo angerudi kikaoni na kusema chokaa haikuonyesha lolote. Angekosea, na kosa hilo lingewanyima wakulima wa wadi nyingine kitu kilichokuwa na dalili nzuri.

Wenye kompyuta wana njia ya mkato. Katika programu ya Excel kuna fomula iitwayo T.TEST. Inaulizwa mambo manne: safu ya namba za kabla, safu ya namba za baada, namba 2 ikiwa unahesabu pande zote mbili, na mwisho aina ya jaribio. Aina ya 1 ni jozi. Aina ya 2 ni marundo mawili. Tarakimu hiyo moja ya mwisho ndiyo inayotenganisha 0.005 na 0.51, na anayesoma taarifa iliyochapishwa hawezi kuiona. Inabidi aulize.

Mtengeneza bia na mimea ya Darwin

Njia hii haikutoka chuo kikuu. William Sealy Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alikoajiriwa mwaka wa 1899. Kazi yake ilikuwa shayiri: aina ipi inazaa vizuri, shamba lipi linatoa punje bora. Tatizo lake lilikuwa lile lile la afisa wa ugani, yaani mashamba machache na misimu michache. Hesabu za wakati ule zilitegemea mamia ya vipimo. Gosset alihitaji kitu kinachofaa kwa vipimo kumi, na mwaka wa 1908 akakichapisha katika jarida la Biometrika. Kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao, hivyo alitia sahihi "Student", yaani mwanafunzi, na mpaka leo jaribio hili huitwa kwa jina hilo.

Mfano alioutumia katika makala yale ulikuwa wa dawa za usingizi. Wagonjwa kumi walipewa dawa mbili kwa nyakati tofauti, na kila mgonjwa akalinganishwa na yeye mwenyewe. Tisa walipata usingizi zaidi kwa dawa ya pili, na mmoja hakuona tofauti. Watu kumi tu, lakini kwa kuwa walipangwa kwa jozi, walitosha kutoa jibu.

Mahindi nayo yamo katika historia hii. Charles Darwin alilinganisha jozi 15 za mimea ya mahindi: katika kila jozi mmoja ulitokana na uchavushaji wa mimea miwili tofauti, na mwingine ulijichavusha wenyewe. Ronald Fisher alizirudia hesabu hizo katika kitabu chake cha mwaka wa 1935, akapata 2.148, wakati mpaka wa jozi 15 ni 2.145. Yaani ilivuka kwa unywele. Mfano huu unafaa kukumbukwa na kila anayesikia kwamba matokeo "yamepita" au "yameshindwa". Mpaka wa asilimia 5 ni mazoea ya watu, na kati ya 2.14 na 2.15 shambani hakuna kilichobadilika.

Mvua, mbolea na chokaa

Hapa ndipo taarifa nyingi huteleza, na ndipo mkazi anapaswa kukaa macho zaidi. Jaribio la jozi limetuambia mavuno ya wakulima wale kumi yamepanda kuliko bahati inavyoweza kueleza. Halikutuambia ni nani aliyeyapandisha. Katikati ya kabla na baada kuna chokaa, ndiyo, lakini kuna msimu mzima pia.

Kumbuka miaka ya 2022 na 2023. Mwaka wa 2022 sehemu kubwa ya nchi ilikuwa katika ukame mkali. Mwaka uliofuata mvua ilikuwa nzuri zaidi, na mbolea ya ruzuku ikashuka kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Kwa mujibu wa takwimu za serikali, mavuno ya mahindi nchini yalipanda kutoka magunia milioni 34 hivi hadi zaidi ya milioni 47. Mradi wowote wa mahindi uliopima "kabla" mwaka wa 2022 na "baada" mwaka wa 2023 ulikuwa na uhakika wa kuonekana umefaulu, uwe ni chokaa, mbegu, mafunzo au fulana za kampeni. Jaribio la jozi lingekubali. Thamani ya p ingekuwa ndogo ajabu. Na ingekuwa mvua.

Dawa ya tatizo hili ni kundi linganishi, yaani wakulima wa eneo lile lile, wenye mvua ile ile, ambao hawakupewa chokaa, na ambao pia wamepimwa kabla na baada. Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme majirani kumi wasio na chokaa nao walipanda, kwa wastani wa gunia moja na nusu. Basi sehemu inayoweza kuhesabiwa kuwa ya chokaa si magunia mawili tena, ni nusu gunia. Kinacholinganishwa sasa ni tofauti za kundi moja na tofauti za kundi jingine, na swali la bahati linaulizwa upya juu ya hiyo nusu gunia.

Wengine husema kundi linganishi si haki: kwa nini jirani anyimwe? Jibu zuri lilitolewa magharibi mwa Kenya, katika eneo la Busia na jirani zake. Watafiti, akiwemo Michael Kremer ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019, walifuatilia kazi ya kukinga karibu chemchemi 200 kwa saruji ili maji yasichafuliwe yanapotoka ardhini. Fedha na mafundi hawakutosha kuzikinga zote mara moja, kwa hiyo zilikingwa kwa awamu, na kila chemchemi ikapangiwa awamu yake bila upendeleo. Chemchemi zilizokuwa zikisubiri zamu ndizo zilizokuwa kundi linganishi. Hakuna aliyenyimwa. Wapo waliongoja.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2011, yanafundisha jambo jingine pia. Kwenye chemchemi yenyewe, uchafuzi wa bakteria wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66. Lakini katika maji yaliyokuwa nyumbani, ndani ya mitungi, ulipungua kwa asilimia 24 tu, kwa sababu maji huchafuka tena njiani na yanapohifadhiwa. Taarifa iliyopima kwenye chemchemi peke yake ingekuwa kweli, na ingemdanganya mama aliyebeba mtungi.

Kaunti nazo karibu kila mara hupeleka miradi kwa awamu, kwa kuwa bajeti haitoshi wadi zote kwa mwaka mmoja. Kama mpangilio wa awamu unafanywa kwa kura ya wazi, kundi linganishi linapatikana bure, na manung'uniko ya upendeleo nayo yanapungua.

Mambo mengine ya kuchungulia

Gunia ni gunia lipi? Wapo wanaohesabu ya kilo 90 na wapo wanaohesabu ya kilo 50. Kabla ikipimwa kwa moja na baada kwa jingine, hakuna hesabu itakayosaidia. Unyevu nao ni hivyo hivyo: ghala la NCPB hutaka mahindi yaliyokauka hadi asilimia 13.5, na mahindi mabichi yana uzito wa maji ndani yake. Kabla na baada lazima zipimwe kwa mizani ile ile na kwa ukavu ule ule.

Waliotoweka wako wapi? Jozi inahitaji namba mbili. Mkulima aliyepimwa kabla lakini hakupatikana baada huondolewa kwenye hesabu. Kama aliondoka kwa sababu chokaa haikumsaidia na akakodisha shamba, basi waliobaki ni wale waliofanikiwa tu. Taarifa ikisema ilianza na wakulima 60 na mwishoni inahesabu 38, uliza kuhusu wale 22 kabla ya kuuliza kuhusu kitu kingine chochote.

Walichaguliwaje? Huu ndio mtego mjanja kuliko yote, na sekta ya afya huukuta kila siku. Ukiwachagua watu kwa sababu vipimo vyao vilikuwa vibaya sana siku moja, wengi wao watakuwa na vipimo bora siku nyingine hata usipowapa dawa. Mhamasishaji wa afya ya jamii akipima shinikizo la damu kijijini, akawachukua wenye namba za juu kabisa, baadhi yao walikuwa wamepanda mlima tu au walikuwa na wasiwasi asubuhi ile. Akirudi baada ya mwezi atakuta zimeshuka. Ndivyo ilivyo pia kwa shule iliyoshika mkia au mkulima aliyevuna vibaya kuliko wote mwaka jana. Kundi linganishi hutatua hili pia, mradi nalo limechaguliwa kwa njia ile ile.

Na je, namba zenyewe zina sura gani? Jaribio la Gosset hufanya kazi vizuri pale tofauti zinapojikusanya kuzunguka wastani wake. Kama mkulima mmoja amepanda kwa magunia 30 na wengine kwa nusu nusu, wastani unamfuata huyo mmoja. Hapo ni afadhali kutumia njia ya sarafu, au ile iliyotolewa na Frank Wilcoxon mwaka wa 1945, ambayo hupanga tofauti kwa nafasi badala ya kutumia ukubwa wenyewe.

Faida inalipa?

Hata pale ambapo badiliko ni la kweli na limetokana na mradi, bado kuna swali la mfukoni. Tuseme kwamba kuleta na kusambaza chokaa kunagharimu shilingi 5,000 kwa ekari, na gunia la mahindi linauzwa shilingi 3,500. Magunia mawili ni shilingi 7,000. Faida ni shilingi 2,000.

Ila magunia mawili ni makadirio yaliyotokana na watu kumi. Ukichukua ile 0.54 na kuizidisha kwa 2.26, unapata takriban 1.2. Hivyo badiliko la kweli linaweza kuwa mahali popote kuanzia gunia 0.8 hadi magunia 3.2. Kwa gunia 0.8, mapato ni shilingi 2,800, na kila ekari inaleta hasara ya shilingi 2,200. Kwa magunia 3.2 ni shilingi 11,200. Na kama sehemu ya chokaa ni nusu gunia tu, kama tulivyoona kwa majirani, basi ni hasara waziwazi. Taarifa inayotoa wastani bila upana huu inamwachia mkazi nusu ya habari. Anayeamua kuhusu bajeti anahitaji kuona ncha zote mbili.

Jinsi ya kuomba takwimu

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaeleza utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na afisa anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Si lazima kueleza kwa nini unataka.

Unapoomba matokeo ya mradi, usiombe wastani wa kabla na wastani wa baada. Huo tayari umo kwenye taarifa, na kutokana na huo peke yake hakuna anayeweza kufanya jaribio la jozi. Omba orodha yenye mstari mmoja kwa kila mnufaika, yenye namba ya kabla na namba ya baada kwenye mstari huo huo, majina yakiwa yameondolewa ili kulinda siri za watu kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Omba pia idadi ya walioanza, tarehe za vipimo vyote viwili, kipimo kilichotumika, na kama kuna eneo lolote lisilo na mradi lililopimwa nyakati hizo hizo. Ukipata orodha hiyo, mwalimu wa hesabu wa shule ya upili iliyo karibu nawe anaweza kuimaliza kazi iliyobaki kwa mchana mmoja.